Kazi Ipi Itangulie Mashineni: Shajara ya Karakana Yetu, Keko

Jumatatu, 23 Februari

Kazi zilizoanzwa karakanani ni nyingi kuliko zinazotoka, na Ramadhani imeshaingia. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimeanza ndani ya juma moja, kwa hiyo Idi itakuwa karibu na tarehe 20 Machi, kutegemea mwandamo, na Pasaka ni 5 Aprili. Kwa sisi mafundi fenicha wa Keko, Dar es Salaam, hiyo ina maana kwamba kila aliyekuwa akisema "nitapita tuongee" amepita, na wote wamepita kwa mpigo. Katikati ya sikukuu hizo mbili masika nayo inaanza.

Mradi ninaouandikia shajara hii ni kupata utaratibu mmoja wa kuamua kazi ipi iingie, ipi ingoje na ipi tuikatae, uandikwe kwenye ubao ukutani, kila fundi auone bila kuniuliza. Desturi ya mtaa wetu ni kwamba anayepiga simu sana ndiye anayesogezwa mbele. Mimi nataka simu isiwe na kura.

Leo tumeorodhesha kila kitu kilichomo. Makabati ya jiko ya familia moja ya Tabata, wanaotaka kupikia Idi kwenye nyumba yao mpya. Mabenchi ya kanisa moja Kigamboni, yawepo kabla ya Pasaka. Kitanda cha maharusi. Ndoa ni baada ya Idi, kama ndoa nyingi za msimu huu. Viti vya mgahawa wa Kariakoo vilivyolegea miguu. Milango ya mninga ya nyumba inayojengwa Mbezi. Madawati ya shule binafsi ya Mbagala. Na kazi moja isiyo na mteja: banda la kutunzia mbao.

Kila kazi tumeiandikia mambo manne: tarehe iliyoahidiwa, siku itakazokaa kwenye mashine, siku itakazokaa kwenye umaliziaji, na nani anaumia ikichelewa siku moja. Jambo la nne ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote, maana hatujazoea kuliuliza.

Jumatano, 25 Februari

Mteja wa Mbezi amepiga tena.

"Fundi, milango yangu vipi? Nilitoa advansi tangu Januari."

"Ni kweli mzee, na fedha yako ipo. Nikuulize: nyumba imeshapigwa plasta?"

"Plasta wiki ijayo. Vigae baadaye."

"Basi milango nikikuletea leo utaiweka wapi?"

Akanyamaza kidogo, akasema ataiegemeza sebuleni. Nikamweleza taratibu kwamba plasta mbichi hutoa maji kwa wiki nyingi, mbao huyanywa maji hayo na kuvimba, na mlango uliofungwa kabla ya kazi za maji kwisha ndio unaokuja kurandwa upya kwa sababu haufungiki. Mninga ni mbao tulivu, inasifika kwa kutojikunja, lakini hata mninga una mipaka yake. Tumekubaliana anitumie picha ya kuta plasta ikimalizika.

Ni kazi inayopigiwa simu kuliko zote, na ni kazi ambayo ikichelewa wiki tatu hakuna anayepoteza hata shilingi. Agosti 1954 Rais Dwight Eisenhower wa Marekani, akihutubia mkutano wa makanisa huko Evanston, alirudia maneno ya mkuu mmoja wa chuo kwamba matatizo yake yalikuwa ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, na kwamba ya haraka hayakuwa muhimu. Watu wametengeneza mchoro wa vyumba vinne kutokana na kauli hiyo: haraka au la, muhimu au la. Mimi mchoro haunisaidii sana, kwa sababu kila mteja ni muhimu na kila mteja ana haraka. Kilichonisaidia ni lile swali la nne ubaoni. Nikiuliza nani anaumia, na kwa kiasi gani kwa siku, kazi zinaanza kutofautiana zenyewe.

Ijumaa, 27 Februari

Leo tumeamua kuhusu viti vya mgahawa, na nataka hesabu yake ibaki hapa.

Fundi mkuu alikuwa na hoja ya kawaida: tuanze na makabati, ndiyo kazi kubwa na ndiyo yenye fedha, viti ni kazi ya kujipenyeza. Tukapiga hesabu. Tuseme makabati yanamchukua fundi siku sita, na kila siku ya kuchelewa inamgharimu mteja takriban shilingi 30,000, kwa kuwa analipa kodi ya alikopanga huku nyumba yake imekaa bure. Viti ni siku moja, na kila siku visipokuwepo mgahawa unapoteza, tuseme, shilingi 15,000 za wateja wanaokosa pa kukaa.

Tukianza na makabati: siku sita mara 30,000 ni 180,000, halafu viti vinatoka siku ya saba, saba mara 15,000 ni 105,000. Jumla 285,000. Tukianza na viti: siku moja, 15,000, kisha makabati siku ya saba, 210,000. Jumla 225,000. Shilingi 60,000 zimeokolewa kwa kubadilisha mpangilio tu, bila mtu kuongeza juhudi wala kukesha.

Kanuni hii ilithibitishwa mwaka 1956 na mtafiti aitwaye Wayne Smith: gawanya hasara ya siku kwa siku za kazi, anza na yenye jibu kubwa. Viti vinapata 15,000 kwa kila siku ya kazi, makabati 5,000. Fundi mkuu alirudia kugawanya mwenyewe kwenye simu yake, kisha akavifuata viti.

Kuna jambo linaloifanya hesabu ya mgahawa iwe tofauti kidogo mwezi huu: mchana wa Ramadhani viti vingi vinakaa wazi, kwa hiyo hasara yao ya kweli iko chini mpaka Idi. Lakini mwenye mgahawa anaweza kutuachia viti vyote mara moja sasa, jambo asiloliweza mwezi mwingine wowote. Kesho vinakuja na guta.

Jumatatu, 2 Machi

Tuna misumeno, tuna mikono, tuna vijana wa msasa. Mashine ya kuranda ni moja. Kila ubao unaopita karakana hii lazima upite hapo, kwa hiyo hapo ndipo panapobana. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, alilifundisha jambo hili miaka ya 1980 kwa wenye viwanda: saa inayopotea mahali panapobana imepotea kwa kiwanda kizima, na saa unayookoa kwingine haikuongezei chochote.

Nimesimama nikaangalia mashine leo tangu asubuhi. Ilisimama wakati mzee wa mashine anatafuta mbao zilizopimwa. Ilisimama tena visu vilipotolewa kunolewa, saa nne asubuhi, wakati mzuri kuliko wote. Ikasimama umeme ulipokatika, na hilo halimo mikononi mwetu.

Tumebadilisha yafuatayo kuanzia kesho. Mbao za kesho zinapimwa na kupangwa pembeni ya mashine leo jioni. Visu vinanolewa baada ya mashine kuzimwa. Na kwa kuwa mzee wa mashine anafunga, nguvu yake iko asubuhi baada ya daku. Anaingia mapema, anatoka alasiri, na hakuna anayemtuma kitu kingine katika saa hizo, hata mimi. Aliposikia alisema, "Mwanangu, hilo la kutotumwa liandike kwa herufi kubwa." Limeandikwa hivyo.

Jumatano, 4 Machi

Viti vimeondoka. Sasa kitanda, makabati na mabenchi. Hapa kanuni ya Smith peke yake haitoshi, kwa sababu kazi zinapita sehemu mbili: mashineni, kisha kwenye umaliziaji, yaani msasa, sila (dawa ya kuziba vinyweleo vya mbao) na vanishi. Sehemu ya pili haiwezi kuanza kazi ambayo ya kwanza haijaitoa.

Hili nalo lina jibu la zamani. Selmer Johnson wa taasisi ya RAND, Marekani, alilichapisha mwaka 1954. Tafuta namba ndogo kuliko zote kwenye orodha. Ikiwa iko upande wa mashine, kazi hiyo iwekwe mwanzoni kabisa. Ikiwa iko upande wa umaliziaji, iwekwe mwishoni kabisa. Ifute, rudia kwa zilizobaki.

Namba zetu: kitanda, mashine siku 1, umaliziaji siku 3. Makabati, mashine 4, umaliziaji 3. Mabenchi, mashine 5, umaliziaji 2. Ndogo kuliko zote ni ile 1 ya kitanda, iko mashineni, kitanda kinatangulia. Inayofuata ni 2 ya mabenchi, iko kwenye umaliziaji, mabenchi yanakwenda mwisho. Makabati yanabaki katikati.

Tuliihakiki kwa chaki. Kwa mpangilio huo, kitanda kinatoka mashineni siku ya kwanza na watu wa vanishi wana kazi mara moja. Makabati yanatoka mashineni siku ya tano na kumalizika ya nane. Mabenchi yanatoka mashineni siku ya kumi na kwisha ya kumi na mbili. Tukigeuza, mabenchi kwanza na kitanda mwisho, vijana wa vanishi wanakaa siku tano bila kazi, na kila kitu kinakwisha siku ya kumi na tano. Siku tatu nzima, kwa kazi zilezile na watu walewale.

Bahati nzuri mpangilio huu haugongani na ahadi. Makabati yanawahi Idi, mabenchi yanawahi Pasaka. Ingekuwa vinginevyo tungerudi kwenye kanuni ya James Jackson ya mwaka 1955, ya kupanga kwa tarehe ya ahadi, ambayo inahakikisha kwamba anayecheleweshewa zaidi ya wote anacheleweshewa kidogo iwezekanavyo. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu inamtazama mteja mwenye hali mbaya kuliko wote, si wastani.

Jumamosi, 7 Machi

Mjadala mkali na dada wa hesabu. Nauandika wote kwa sababu ana haki.

Nilichopendekeza: tusiwe na kazi zaidi ya tatu zilizoanzwa kwa wakati mmoja. Sababu yake ni hesabu ambayo John Little wa Marekani aliithibitisha mwaka 1961, na ni rahisi kuliko zote. Idadi ya kazi zilizomo ndani ni sawa na kasi ya kazi kuingia mara muda ambao kila kazi inakaa. Karakana inayotoa kazi tatu kwa wiki, ikiwa na kazi kumi na mbili zilizoanzwa, kila moja itakaa humo wiki nne kwa wastani. Ikiwa na sita, wiki mbili. Mikono haijaongezeka, mashine haijaongezeka. Tofauti anaiona mteja: ulisema wiki mbili na ikawa wiki mbili.

Yeye akasema: "Kaka, hesabu yako nzuri. Lakini advansi ya huyu ndiyo inayonunua mbao za yule. Tukiacha kuanza kazi mpya, mteja haoni sababu ya kutanguliza, na Jumatatu mimi nawalipa nini vijana?"

Huo ndio ukweli wa biashara yetu, na sijawahi kuona kitabu cha kupanga kazi kinachoanzia hapo. Mteja wa Dar es Salaam anatanguliza nusu ili aone mbao zake zimekatwa. Zikikatwa anatulia. Ndiyo maana kila karakana hapa Keko ina fremu za sofa zilizosimama uchi kwa miezi: zilikatwa ili mteja atulie.

Tumefikia hivi. Advansi inanunua nafasi kwenye foleni na inanunua mbao za mteja huyo, zenye alama yake, zikae kwenye rafu anaweza kuja kuziona na kuzigusa. Haianzishi kazi. Kazi inaanza nafasi ikiwa wazi ubaoni, na mteja anapewa tarehe ya kuanza pamoja na ya kumaliza. Dada wa hesabu amekubali kwa sharti kwamba advansi ya mtu isitumike tena kununua mbao za mtu mwingine. Nilidhani sharti hilo lingetoka kwangu. Limetoka kwake, na ndilo gumu kuliko yote tuliyoandika ubaoni mpaka sasa, kwa sababu kwa wiki mbili za mwanzo litatubana.

Tumejaribu kwa mteja mpya wa meza ya chakula. Alitaka kuona mbao zake. Akaziona, akapiga picha, akalipa.

Jumatano, 11 Machi

Banda la mbao. Tangu tarehe 23 Februari liko ubaoni na hakuna aliyeligusa, kwa sababu mbao hazipigi simu.

Mbao zetu zinakaa nje chini ya turubai. Mbao mbichi huwa na maji mengi. Yakishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao ikiwa kavu kabisa, ndipo inapoanza kusinyaa, na inapaswa kusinyaa kabla haijawa kitanda, si baada. Ubao ukikaushwa upande mmoja na kulowa upande mwingine unajikunja. Chini ya turubai hewa haipiti, maji yanarudi, ukungu unaingia. Masika ikishaingia, kila tutakachoranda kitakuwa kimetoka kwenye turubai hilo.

Sasa swali la nani anaumia banda likichelewa siku moja. Leo, hakuna mtu. Kesho, hakuna. Siku mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, wanaumia wateja wote walioko kwenye foleni kwa mpigo, pamoja na yule ambaye hatujamfahamu bado. Hasara ya namna hii haiongezeki kidogo kidogo kila siku. Inakaa sifuri kisha inaruka. Kanuni ya Smith, ikitumiwa bila kufikiri, italiweka banda mwisho kila siku hadi siku ambayo halina maana tena. Kwa hiyo banda tumelipangia tarehe kama kazi ya mteja: mabati yawe juu kabla ya tarehe 15. Fundi mkuu ndiye "mteja", yeye ndiye wa kudai.

Tumelipanga lisiguse mashine hata saa moja. Nguzo ni za mikaratusi, kenchi ni paini zilizoletwa zikiwa zimepasuliwa, kazi yote ni ya nyundo na msumeno wa mkono. Vijana wa msasa wana nafasi kati ya kitanda na makabati. Nafasi hiyo ndiyo ya banda. Ndani, mbao zinainuliwa kutoka sakafuni, zinapangwa kwa tabaka na vijiti vya unene sawa katikati ili hewa ipite, ncha zinapakwa rangi zisipasuke. Kuta ziko wazi pande mbili, upepo wa bahari ufanye kazi yake.

Mninga tulionunua unaingia kwanza. Una stakabadhi zake na hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu, na sina hamu ya kuupoteza kwa maji.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua imeanza usiku wa kuamkia jana. Banda lina bati.

Lakini mahali panapobana pamehama. Sila ikipigwa wakati hewa imejaa unyevu inaweka weupe kama ukungu juu ya mbao, na vanishi iliyokuwa ikikauka kwa nusu siku sasa inalala nayo. Umaliziaji wa siku 2 umekuwa wa siku 4. Mashine, iliyokuwa ikitubana, leo ina nafasi.

Kishawishi ni kuijaza mashine kwa madawati. Tumekataa. Kila kitakachotoka mashineni sasa kitaenda kusimama mbele ya chumba cha vanishi na kuziba njia ya mabenchi. Badala yake mzee wa mashine na msaidizi wake wamehamia kwenye msasa, na saa za kupiga sila zimesogezwa saa sita hadi saa tisa mchana, jua likijitokeza. Makabati ya Tabata yalikuwa yamemaliza koti la mwisho la vanishi Jumamosi. Yanaondoka kesho.

Jumanne, 24 Machi

Idi imepita salama. Mama wa Tabata amepiga simu ya shukrani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuanza kuniagiza kabati la vyombo palepale. Nikampa tarehe ya kuanza, mwezi Mei. Hakulalamika. Kitanda kimeshakwenda kwa maharusi.

Siku mbili kabla ya Idi alikuja baba mmoja anataka seti ya sofa, fedha yote mkononi. Nilimwambia, "Samahani sana kaka, nikipokea nitakuwa nakudanganya wewe na yule aliyetangulia," nikampeleka kwa jirani mwenye sofa zilizokwisha. Fundi mkuu alinitazama vibaya mpaka jioni. Nimemwelewa, ilikuwa fedha taslimu. Bado naamini jibu lilikuwa lilelile.

Jumatatu, 30 Machi

Mabenchi yamepakiwa kwenye kirikuu, yanavuka kwa Daraja la Nyerere. Mzee wa kanisa alikuja mwenyewe, akakaa juu ya kila moja kabla halijapandishwa.

Zamu ya madawati na milango. Picha ya Mbezi imefika: plasta imekwisha, vigae bado. Namba ni hizi: madawati, mashine 6, umaliziaji 2. Milango, mashine 3, umaliziaji 4. Kwa Johnson, milango inatangulia. Kwa Jackson, madawati yanatangulia, maana shule ina tarehe na mwenye nyumba hana. Ni mara ya kwanza kanuni mbili zinatupa majibu tofauti, na tumebishana mpaka chai ikapoa.

Mzee wa mashine ndiye aliyetatua. Milango mizuri, alisema, hairandwi mara moja. Mbao zinarandwa juu juu, zinaachwa zipumzike, zinajikunja kadiri zinavyotaka kujikunja, kisha ndipo zinarandwa kwa kipimo. Kwa hiyo siku moja ya mashine kwa milango, mbao ziende bandani. Madawati yaingie na yamalize siku zake zote. Milango irudi kwa siku zake mbili zilizobaki. Shule inapata tarehe yake, na chumba cha vanishi hakipokei kazi mbili kwa pamoja.

Nimempigia mteja wa Mbezi kabla yeye hajapiga. Nimemwambia mbao zake zinapita mashineni kesho asubuhi, anakaribishwa kuja kuziona bandani wakati wowote, na tarehe ya kufunga milango tutaiandika siku atakayonitumia picha ya vigae.